Dereva wa masafa marefu hachoshwi na barabara, huchoshwa na kungoja bila malipo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumzie kazi ya udereva wa malori ya masafa marefu, kazi niliyoifanya kwa miaka 27 hadi mgongo uliponilazimisha kushuka, na ambayo sasa ninawafundisha vijana. Kila kundi jipya la wanafunzi huniuliza swali lilelile hata kabla halijashika usukani: je, kazi hii inapendeka? Huwajibu kwamba inapendeka sana gari likiwa linatembea, na kwamba karibu kila jambo linalowafukuza madereva kazini hutokea gari likiwa limesimama. Nimeona niandike barua hii kwa sababu watu wanaoweza kulirekebisha jambo hilo, yaani wenye mizigo, wenye maghala na wenye magari, hawamo darasani mwangu.

Nianze na yanayopendwa, kwa kuwa ni nadra kusemwa. Dereva wa masafa marefu amekabidhiwa chombo ambacho, kikiwa na trela na mzigo kamili, hufikia uzito wa tani 40 katika nchi nyingi za Ulaya na takriban tani 36 katika barabara kuu za Marekani, naye hukiendesha siku nzima bila msimamizi wa kumchungulia kila dakika. Uhuru huo una utamu wake, lakini nadhani wanaousifia kwa nje hawaelewi umetokana na nini. Haukutokana na upepo wa dirishani wala mandhari, ingawa hata mimi nimeona mapambazuko mengi ambayo sitayasahau. Umetokana na ujuzi, kwa sababu mtu huachwa peke yake na mali ya wengine pale tu anapoaminika kwamba anajua anachokifanya.

Asubuhi kabla ya kuondoka, dereva makini huzunguka gari lake akiwa na kipande cha chuma au nyundo, akigonga matairi moja baada ya jingine. Tairi lenye upepo wa kutosha hulia kwa kudunda, na chuma hukurudia mkononi. Lililoishiwa upepo hutoa mlio mzito usio na uhai. Kwenye ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, yenye matairi pacha, tairi la ndani linaweza kuwa limekwisha kabisa huku macho yakiliona liko sawa, kwa sababu mwenzake wa nje ameubeba uzito wa yote mawili, na hapo sikio ndilo linalogundua tatizo ambalo kilomita 100 mbele lingekuwa moto au mpasuko. Kisha huwasha injini na kungoja mshale wa geji ya upepo upate kupanda, kwa kuwa breki za lori huendeshwa na upepo, na mfumo ukipungukiwa upepo breki hujikaza zenyewe na gari haliondoki. Dakika hizo chache, injini ikinguruma taratibu na mshale ukipanda, nilizipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku.

Yako mengine ya namna hiyo. Gia ya kuteremkia mlima huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, kwa maana gari likishashika kasi gia ndogo haiingii tena kirahisi, na breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto, hunuka, na mwisho huacha kushika. Tenki lililojaa nusu ni gumu kuliendesha kuliko lililojaa, kwa sababu mafuta yaliyomo huenda mbele na kurudi nyuma hata baada ya magurudumu kusimama, na dereva mgeni hushtukia gari linasukumwa mbele kwenye makutano aliyodhani amekwisha kusimama. Kurudisha trela nyuma ni somo linalowaliza wanafunzi, kwani ukitaka mkia wa trela uende kulia, usukani huanza kwa kushoto, na akili ya mtu aliyezoea gari dogo huchukua wiki nyingi kulikubali hilo. Siku mwanafunzi anapoliingiza trela katikati ya nguzo mbili bila kulisahihisha mara ya pili, huteremka akiwa na uso tofauti na ule aliopandia.

Na iko heshima ya madereva wenyewe kwa wenyewe. Nimewahi kukwama usiku, bomba la upepo limepasuka, akasimama dereva ambaye hatukuwa na lugha hata moja ya kuelewana. Aliitazama hitilafu kwa tochi, akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akarudi na kiungio cha bomba na spana, akalala chini ya trela langu karibu saa nzima. Alikataa pesa. Mpaka leo, kijana akiniuliza kwa nini nilidumu katika kazi hii, yule mtu ni sehemu ya jibu.

Sasa niingie katika yanayochukiwa, nami sitayapa uzito sawa kwa sababu hayalingani.

Nakumbuka ghala moja nililofika saa 12 asubuhi, kama nilivyoagizwa. Mlinzi alizipokea hati zangu kupitia kidirisha, akaniambia nisiondoke garini kwa kuwa ningeweza kuitwa wakati wowote. Niliitwa saa 2 usiku. Kushusha mzigo wenyewe kulichukua dakika 50. Katika saa 14 za kungoja sikulala, kwa sababu foleni ilikuwa ikisogea gari moja moja na aliyesinzia alirukwa. Sikulipwa, kwa sababu malipo yangu yalikuwa ya safari na si ya saa. Na choo kilichokuwa ndani ya uzio kilikuwa cha wafanyakazi wa ghala peke yao. Nilipotoka getini, ofisi yetu ilinipigia simu kuuliza ningefika saa ngapi kupakia mzigo uliofuata, uliokuwa umbali wa kilomita 400, na ambao muda wake haukusogezwa hata kidogo. Niliendesha. Sikumbuki kuvuka daraja ambalo lazima nililivuka. Kilichoniamsha ni mtetemo wa magurudumu ya upande mmoja yaliyokuwa yamekwisha kutoka nje ya lami, na taa zangu zikimulika nyasi mahali nilipotarajia kuona barabara.

Sikumuumiza mtu usiku ule, na ninashukuru. Lakini nimefikiria mara nyingi jinsi ambavyo ripoti ingeandikwa kama ningemuumiza. Ingesema chanzo ni uchovu wa dereva, na ingekuwa kweli. Lile ghala lisingetajwa hata kwa mstari mmoja.

Wapo watakaosema kwamba dereva anayengoja amepumzika, tena amekaa tu. Naomba wanaosema hivyo wajaribu kukaa kwenye kiti saa 14 huku wakijua kwamba wakifumba macho watapoteza nafasi yao, kisha waanze kazi inayodai macho makali usiku kucha. Kupumzika ni pale mtu anapojua atalala mpaka saa ngapi. Kungoja kuitwa ni kazi, na kazi hulipwa.

Mataifa yamejaribu kwa muda mrefu kuweka mipaka ya saa za dereva. Mkataba Namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, ulisema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni za mwaka 2006, unaruhusu saa 9 za kuendesha kwa siku, zinazoweza kufika 10 mara mbili kwa wiki, na unadai mapumziko ya dakika 45 baada ya kila saa 4 na nusu. Marekani inaruhusu saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 tangu dereva aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Ulaya hutumia takografu, kifaa cha garini kinachorekodi muda wa kuendesha na kupumzika, kuzihesabu saa hizo, nayo Marekani tangu Desemba 2017 imewalazimisha madereva wengi kutumia vifaa vya kielektroniki mahali pa daftari la mkono.

Ninaziunga mkono sheria hizo. Nimewajua madereva waliokuwa wakidanganya daftari, na wengine waliokuwa wakitumia dawa za kuondoa usingizi, na kati yao wapo niliowasindikiza makaburini. Lakini itazame ile kanuni ya Marekani ya saa 14. Kwa kawaida saa hiyo haisimami dereva akiwa getini. Akifika saa 12 asubuhi na kuachiwa saa 6 mchana, amepoteza saa 6 za siku yake bila kosa lake, na zilizobaki zinamsukuma aendeshe kwa haraka ili afike pa kulala kabla hazijakwisha. Sheria imembana aliyecheleweshwa na kumwacha huru aliyemchelewesha. Ukiongeza kwamba katika nchi hiyohiyo sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938 inawaacha madereva wa malori yanayovuka mipaka ya majimbo nje ya haki ya malipo ya saa za ziada, unaona kwa nini hakuna mwenye ghala anayeona hasara ya kumweka mtu nje siku nzima. Muda wa dereva ni bure kwake, na kitu cha bure hakina anayekibania.

Japani imelitazama jambo hili kwa upande ambao mimi nauona ni sahihi. Kuanzia Aprili 2024, saa za ziada za madereva wa malori nchini humo zimewekewa kikomo cha 960 kwa mwaka. Kabla ya hapo, Juni 2023, serikali ilikwisha kutoa mwongozo unaowataka wenye mizigo wahakikishe kwamba muda wa kungoja, kupakia na kushusha hauzidi saa 2. Yaani aliyeambiwa ajirekebishe ni yule mwenye ufunguo wa geti. Sidai kwamba mwongozo huo umeponya kila kidonda, bali nasema umeelekezwa kwa mtu anayehusika.

Kuna jambo la pili linaloshikamana na hili la kungoja, nalo ni mahali pa kulala. Saa za dereva zinapokwisha usiku, mara nyingi maegesho ya njiani huwa yamekwisha kujaa tangu jioni, na anabaki na njia mbili: avunje sheria kwa kuendelea, au alale ukingoni mwa barabara, trela likipitiwa na magari umbali wa mkono. Mwaka 2009 nchini Marekani, dereva mmoja aliyefika mapema kabla ya muda wa kupokelewa mzigo wake alikwenda kuegesha katika kituo cha mafuta kilichoachwa, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kungojea, akauawa humo na mwizi. Kifo chake ndicho kilicholeta sheria ya mwaka 2012 ya kuongeza maegesho salama ya malori. Ulaya nako, mwaka 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba dereva hawezi kuhesabiwa mapumziko yake kamili ya wiki, ambayo ni saa 45, akiwa ameyalalia ndani ya kabini. Nilifurahi niliposoma uamuzi huo, kwa sababu nimelala kabinini maelfu ya usiku na najua tofauti ya kitanda cha nyuma ya kiti na kitanda cha nyumba. Kabini ni nzuri kwa usiku mmoja. Ukiifanya makazi, mtu huanza kuzeeka kabla ya umri wake.

Wanawake wanaoingia katika kazi hii, nami nimewafundisha kadhaa walio hodari kuliko wanaume waliokaa nao darasani, wananiambia kwamba swali la kwanza wanalojiuliza kila safari ni choo kiko wapi na kama mlango wake unafungika. Kumnyima choo mtu aliyekuletea mzigo ni ukatili, na wala haihitajiki sheria mpya kuukomesha.

Kuhusu lawama nitasema kwa ufupi. Kontena hupakiwa na wengine, hufungwa kwa sili na wengine, kisha likizidi uzito kwenye ekseli moja pale mizani, anayeteremshwa na kuhojiwa ni dereva, ambaye kisheria hakuruhusiwa hata kulifungua. Kuhusu malipo yanayocheleweshwa, nitataja tukio moja tu la mwaka 2023, ambapo madereva kutoka Georgia, Uzbekistan na nchi jirani waliyasimamisha malori yao kwa wiki kadhaa katika kituo cha mapumziko cha Gräfenhausen nchini Ujerumani, wakikataa kuondoka mpaka walipwe mishahara waliyokuwa wakidai. Walilipwa. Lakini watu wazima wasilazimike kulala kwa wiki kadhaa kando ya barabara kuu ili wapewe jasho lao.

Familia ni jambo ambalo sitalaumu mtu kwa ajili yake, kwa maana anayechagua masafa marefu anachagua kuwa mbali. Mke wangu alikuwa na daftari dogo alimoandika mambo ya kuniuliza nikirudi: ada, bati linalovuja, mtoto aliyebadilika tabia, jirani na mpaka wake. Niliporudi tulikaa tukalipitia. Katika miaka ya mwanzo nilikuta mistari mingi ikiningoja. Miaka ilivyokwenda nilikuta mingi zaidi imekwisha kukatwa kwa kalamu, kwa kuwa mambo hayakuweza kusubiri na yeye alikuwa ameyaamua peke yake, tena vizuri. Sikuwa na neno la kumlaumu. Ila nilijiuliza, na bado najiuliza, ni mistari mingapi ningeikuta haijakatwa kama zile siku za getini ningezitumia njiani kurudi nyumbani. Umbali nilikubaliana nao nilipochukua leseni. Siku za getini hakuna aliyeniuliza kama ninazikubali.

Husemwa siku hizi kwamba madereva wamekuwa haba. Mwaka 2021 Uingereza ilipopungukiwa madereva hadi vituo vya mafuta vikaishiwa, serikali yake iliamua kutuma barua karibu milioni 1 kwa watu wenye leseni za malori, kuwaomba warudi barabarani. Tafakari idadi hiyo. Leseni zilikuwapo, na walionazo walikuwa wamejifunza kugonga matairi, kuchagua gia juu ya mlima na kurudisha trela nyuma, ila wengi wao walikuwa wameamua kufanya kazi nyingine. Mtu hauachi ujuzi wa namna hiyo kwa kuchoka na barabara.

Nakubali kwamba wenye maghala nao wana shida zao. Magari kumi yanaweza kufika kwa mkupuo, mengine yakiwa yamechelewa kwa kuharibika njiani, na wapakuaji ni walewale. Kwa sababu hiyo siwaombi miujiza. Ninaomba kwanza kwamba mlinzi anapopokea hati za dereva getini, aandike saa ya kufika juu ya hati ileile inayosainiwa wakati wa kupokea mzigo, na saa ya kuachiwa iandikwe chini yake, ili karatasi moja ioneshe yote mawili. Ninaomba kwamba zikipita saa 2 tangu kufika, kila saa inayofuata ilipwe na aliyemchelewesha dereva, na malipo hayo yamfikie dereva mwenyewe badala ya kuishia kwa mwenye gari. Ninaomba anayengoja apewe namba na makadirio ya saa ya kuitwa, ili aweze kulala. Na ninaomba mwenye gari, anapoambiwa kwamba dereva wake ametoka getini saa 3 usiku baada ya kuamka alfajiri, ausogeze muda wa mzigo unaofuata hadi kesho yake.

La kwanza kati ya hayo linahitaji kalamu na saa ya ukutani tu. Mimi nililianza mwenyewe miaka yangu ya mwisho kazini, nikiandika saa hizo kwa mkono wangu nyuma ya nakala za hati nilizobaki nazo. Nakala hizo ninazo sandukuni, na mwenye ghala yeyote atakayependa kuziona nitampelekea.

Dereva mstaafu na mwalimu wa udereva wa malori